Mwambie Babu Yako

Rhobi alinipigia simu nikiwa nakunja mashuka. Katika hoteli ninayofanyia kazi, hapa karibu na geti la Ikoma la kuingilia mbugani, mashuka hayaishi. Wageni hulala, wakaona simba wao, wakaondoka, na sisi wa dobi tunabaki na mlima wa vitambaa vyeupe. Niliibana simu kwa bega nikaendelea na kazi. "Dada Nyangi, mama ametutoka," Rhobi akasema, kisha akaniachia nafasi ya kulia, nami sikulia. Nilimuuliza mazishi ni lini, nikamwambia nitakuja, nikamaliza kukunja lile shuka pembe kwa pembe. Halafu nikakaa juu ya furushi la taulo chafu, na kilichonijia hakikuwa uso wa marehemu. Ilikuwa sauti yake, ikiniagiza kwa ukali wa kuigiza: "Mwambie babu yako chakula kiko kwenye kapu." Ni miaka mingi tangu aniagize hivyo, na jibu nilikuwa sijampelekea.

Mwaka ule aliponiagiza niliishi Nyakunguru, jirani na mgodi. Nilivyofika huko kutoka kwetu Ringwani ni habari ndefu na haina utamu, niiache. Nilipanga chumba kimoja chenye milango miwili. Mlango wa barabarani ulikuwa wa kibanda, ambapo niliingiza nyimbo na filamu kwenye simu na memori kadi za watu. Mlango wa uani ulikuwa wa nyumbani, na katikati niligawa kwa pazia. Nyuma ya ua kulikuwa na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikiunguruma tangu alfajiri kiasi kwamba kijiko kilitembea chenyewe juu ya meza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na watu niliwajua kwa simu zao: yule wa kioo kilichopasuka, yule wa betri iliyovimba, yule anayeomba kwaya tupu kwa sauti kubwa kisha ananong'ona niongeze na za dansi. Mchana kutwa waliingia, wakasimama, wakangoja, wakaondoka. Sikumbuki mtu aliyeketi. Jioni nilijifungia na kusikiliza nyimbo zilezile nilizowaingizia wengine, na kuna siku nilipomwitikia muuza maziwa sauti ilitoka imekwaruza, nikagundua kwamba tangu jana yake sikuwa nimezungumza na mtu.

Nilichokuwa nacho ni ukuta wa mbao. Upande wa pili alikuwepo Mama Rhobi, mjane wa miaka hamsini hivi, na mgahawa wake wa meza mbili. Mbao hazikufika juu, kwa hiyo harufu ya vitunguu na maneno yote ya wateja yaliruka yakaja kwangu bila kubisha hodi. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mwita kabla sijamwona. Alikuwa kijana mchimbaji asiye na mama, mwenye sauti ya mzee aliyekunywa vumbi maisha yake yote, na kila mchana alimlalamikia Mama Rhobi kuhusu chakula kwa sauti hiyo, kama mume aliyechoka na ndoa. "Mke wangu, huu ugali umeupika au umeujenga?" Naye Mama Rhobi, bila kugeuka kutoka kwenye moto, alimjibu kama mke aliyechoka zaidi, akimwita kijana kwa Kikurya: "Nimeujenga, mura. Meno yako mawili yaliyobaki yapate mahali pa kuhamia." Wateja waliacha kula wakacheka. Mimi huku kwangu nilicheka peke yangu, mkono mdomoni, nikiogopa wasije wakanisikia wakajua kwamba nasikiliza.

Siku moja nilijikaza nikaenda na simu, nikawaamkia, nikamwomba Mama Rhobi ruhusa ya kuwarekodi. "Wewe ndiye unacheka huko ukutani?" akauliza. Nikakiri. "Basi njoo ucheke huku. Huko unamchekea nani?" Rekodi ile ya kwanza niliitia bure kwenye kila memori kadi iliyopita mikononi mwangu, na wiki iliyofuata watu walirudi, si kwa ajili ya nyimbo, wakiuliza kama yule babu na bibi yake wana mengine.

Leo ningeiita podikasti, na kwa kweli kila mtandao ulipokubali niliipakia, ikasikilizwa hadi na watu wa mbali nisiowajua. Lakini sisi tuliita "Jumamosi". Mwenye karasha alikuwa Msabato wa kweli. Mashine zake zilizimwa Ijumaa jua likizama, na Jumamosi Nyakunguru ilitulia hata kuku ukamsikia anavyochakura. Hapo ndipo tulipofanya mchezo wetu. Tulisimamisha kitanda changu ukutani pamoja na godoro, tukabandika trei za mayai kila mahali kuzuia mwangwi, mpaka chumba kikafanana na banda, tukafunga madirisha, tukakaa chini ya bati lililowaka jua, jasho likitutiririka. Mwita alikuwa Babu Kisiki, mzee asiyekubali kwamba amekosea. Mama Rhobi alikuwa bibi yake, bila jina, kwa sababu alisema mwanamke wa umri ule jina lake hakuna anayelikumbuka. Mfuniko wa sufuria ulikuwa mlango, gunia la mahindi lilikuwa mtu anayeanguka. Mimi nilibonyeza vitufe.

Mama Rhobi ndiye aliyetunga sheria yetu. Mwita aliwahi kuleta kisa cha mlevi na suruali yake, nasi tukacheka, lakini Mama Rhobi akatikisa kichwa. "Mtu akiwa sebuleni na mkwe wake, redio inasema hiyo maneno, atajificha wapi?" Tukakitoa. Tangu siku hiyo kila mzaha tulimwekea mkwe. Tulimwona kabisa amekaa kwenye kiti, kofia magotini, anasikiliza. Ukiona anakohoa, mzaha haufai. Ndiyo maana tulisikilizwa majumbani. Baba aliweza kuweka simu juu ya meza wakati wa chakula, na binti zake, na mama yake mzazi, asiwe na haja ya kuirukia kuizima.

Baada ya kurekodi tulishusha kitanda, tukaweka meza, tukala. Mama Rhobi alipika tangu asubuhi: ugali wa muhogo na mtama, nyama ya mbuzi na kichuri chake kichungu, ule mchuzi wa majani yaliyo tumboni mwa mbuzi, na maziwa mgando yaliyolala kwenye kibuyu. Tulikula sinia moja. Mwita alinitania kwa Kingoreme changu, akisema sisi wa Ringwani tunaongea Kikurya kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto, na Mama Rhobi alimpiga kwa kitambaa cha vyombo akanisogezea mnofu. Hakuna kingine kilichotokea. Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo, nimealikwa hata kwenye karamu zenye mahema meupe, lakini nikitafuta siku nilizokuwa na furaha bila kujiuliza kama nina furaha, naikuta ile meza.

Kisha Rhobi akarudi kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa msichana mpole mwenye kicheko cha mama yake, na Mwita akaanza kuoga mara mbili kwa siku. Sote tulifurahi. Posa ikapelekwa, watu wakakaa, na siku moja baada ya mavuno ng'ombe wa mahari wakapita barabarani mbele ya kibanda changu, wakiingia kwa Mama Rhobi. Nilitoka nje nikapiga vigelegele kama wengine. Jumamosi iliyofuata Mwita alifika mapema, akavua mabuti yake ya mpira mlangoni, akaingia na kuanza kusimamisha kitanda. Nilimwona Mama Rhobi anakuja uani na sufuria yake ameishika kwa kanga. Alipoyaona yale mabuti akasimama. Akatazama chini, akageuka, akarudi alikotoka. Mwita naye alikuwa ameshaketi juu ya gunia, uso mikononi.

Huko kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali sinia moja, hawataniani. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Ni heshima kubwa, na hakuna kati yetu aliyeiona kuwa mbaya. Kosa letu lilikuwa la kijinga mno: mwaka mzima tulipima kila mzaha kwa mkwe, tukamkalisha kwenye kiti na kofia yake, na siku ng'ombe walipopita hakuna aliyekumbuka kwamba mkwe mwenyewe ndiye Babu Kisiki. Mtu hawezi kumwambia mama mkwe wake, "Mke wangu, ugali umeujenga."

Watu wa pale walinitazama kwa huruma siku zile, wakidhani nilimtaka Mwita. Sikumtaka. Nilichokitaka ni meza, na meza ilikuwa imevunjika kwa sababu ya jambo jema, kwa hiyo sikuwa hata na mtu wa kumkasirikia. Jumamosi mbili nilikaa kimya kwenye chumba cha trei za mayai. Ya tatu nilimfuata Mama Rhobi jikoni, nikamwambia: si lazima mkae pamoja. Wewe utakuja asubuhi, yeye alasiri, mimi nitaziunganisha sauti. Akaendelea kuchambua dagaa. Baadaye akasema, "Sauti yake usinisikilizishe. Na yeye ya kwangu usimsikilizishe." Nikakubali.

Ilikuwa mbaya sana. Ugomvi wa watu wawili ambao kila mmoja anagombana na ukuta hauchekeshi. Ni Mama Rhobi aliyeuona mlango. "Wazee wakikosana kweli hawasemeshani," akasema. "Wanamtuma mtoto." Na hapo mimi, mtu wa kubonyeza vitufe, nikawa mjukuu. Babu na bibi walikuwa wamenuniana, hakuna aliyekumbuka kwa nini, na mtoto alipita kati yao kutwa nzima akibeba maneno. Wa kwanza ulikuwa mchezo wa punda. Babu Kisiki alikuwa amesikia kwamba watu wanatoka ng'ambo kulipa ili watazame wanyama wetu, basi akamfungia punda wake zizini na kuwadai majirani kiingilio.

"Mwambie babu yako," Bibi akasema asubuhi, "punda wake amelala. Watalii warudi kesho."

"Babu," nikasema alasiri, "bibi anasema punda amelala."

"Mwambie bibi yako," Mwita akajibu na ile sauti yake ya vumbi, "hata simba huwa wamelala. Watu wanalipa hivyohivyo."

Ule mchezo ulitembea. Madereva wa boda walikuwa nao, walinzi wa mgodi walikuwa nao, na mtu aliyetoka Mugumu alinieleza kwamba huko watoto wakitumwa dukani wanasema, "Babu anasema." Kumbe watu wengi katika nyumba nyingi walikuwa wakituma watoto. Nilipata sifa ambazo sikuwahi kuziota, na wasikilizaji walinitumia salamu wakiniita mjukuu. Lakini nataka niseme ilivyokuwa kwa ndani. Asubuhi nilikula na Mama Rhobi, alasiri nilikula na Mwita, nikanenepa hadi gauni likanibana, na sijawahi kuwa mpweke kama Jumamosi zile. Kila mmoja alikuwa anaongea na mwenzake, akinitazama mimi. Jioni nilivaa visikilizio nikaziunganisha sauti zao, nikazisogeza karibu, nikakata ukimya uliokuwa katikati, na kwa robo saa hivi tulikuwa tena watatu chumbani. Kisha nilivivua, chumba kikawa kitupu na trei zake.

Chakula alichokula Mwita kilikuwa cha Mama Rhobi. Hakuweza tena kumpakulia, basi alipomaliza kurekodi aliacha kapu lililofunikwa pembeni ya gunia, na katika mchezo akatia maneno: "Mwambie babu yako chakula kiko kwenye kapu." Wasikilizaji walidhani ni mzaha wa kila mara. Babu Kisiki kila wiki alijibu kwa jeuri kwamba hatakula, ameapa, mpaka aombwe radhi, na sauti yake ilitoka imejaa ugali, kwa sababu Mwita alikuwa anakula kweli. Hicho ndicho kilichowachekesha watu kuliko vyote. Siku nyingine nilimwambia Mama Rhobi kwamba kikohozi cha Mwita si cha kuigiza, mashimo yana maji na baridi. Tulipoanza kurekodi akasema, "Mwambie babu yako avae koti, hata kama ananikasirikia mimi, koti halijamkosea." Juu ya kapu siku ile kulikuwa na koti zito la marehemu mumewe.

Yalikwisha mchana mmoja, nikiyasikia juu ya mbao. Baba mdogo wa Mwita, mzee mstaarabu aliyekuja kupanga habari za harusi, alikuwa ameketi mgahawani na kijana wake, Mama Rhobi akiwa ametoka. Walizungumza Kikurya cha polepole.

"Mura, sikukatazi kuchekesha watu," mzee akasema. "Mimi mwenyewe nimecheka hiyo habari ya punda. Lakini yule bibi ni nani?"

Nilisikia kijiko cha Mwita kikigota sahani.

"Ni mama mkwe wako. Na humo unamwita mkeo."

"Simwiti mimi, baba mdogo. Namtuma mtoto."

"Mtoto gani? Yule binti wa memori kadi?" Mzee akacheka kidogo, kwa upole. "Wazee wakikaa kutoa baraka, mtu akafungua simu yake wakasikia, harusi inaishia hapo. Wewe huna mama. Huyu ndiye utakuwa naye. Unataka mchezo, au unamtaka yeye na binti yake?"

Kiti kilisogezwa. "Nawataka wao," Mwita akasema. Mimi nilikuwa nimesimama na memori kadi ya mtu mkononi, na nilijua kwamba amejibu sawasawa. Ningekuwa yeye ningejibu hivyohivyo. Niliketi chini kwenye sakafu ya kibanda changu nikalia, na mwenye memori kadi akaniuliza kama faili zake zimefutika.

Mama Rhobi alikuwa hajaambiwa. Jumamosi ile alikuja asubuhi kama kawaida, akarekodi upande wake, akaacha kapu. Alasiri Mwita alifika na shati la safari. Alikuwa amepata kazi ya ghala Sirari, angetangulia kwenda kutafuta nyumba, harusi ifuate. Hakuvua mabuti, alisimama mlangoni. Nilimwomba jibu moja tu, la kufungia mchezo. Nikabonyeza kitufe, nikasema kwa sauti ya mjukuu, nikidhani atacheka, "Babu, bibi anasema chakula kiko kwenye kapu." Gari lilipiga honi barabarani. Akaingia, akalichukua kapu, akaondoka nalo.

Nilipomweleza Mama Rhobi, alisema baba mdogo ana haki, akasema tena kwamba ana haki, akaifuta meza ambayo ilikuwa safi. Alipofika mlangoni akauliza, "Alikula?" Nikamwambia sijui, alikwenda nalo kapu.

Mchezo ule nilioupakia mwisho uliishia kwenye maneno hayo ya mjukuu, na baada yake ukimya. Watu hawakunisamehe. Sokoni, kwenye foleni ya kisima, kanisani, walinisimamisha: "Mjukuu, babu alikula?" Harusi ilifungwa vizuri, nami nilihudumia wageni. Kabla mwaka haujageuka nikauza vitu vya kibanda, nikaja huku Ikoma kwenye mashuka. Mimi na Mama Rhobi tuliendelea kupigiana simu. Alinieleza habari za wajukuu zake wa kweli, za Mwita aliyemjengea jiko la matofali bila kuingia ndani ya uzio wakati yeye yupo, na kabla ya kukata, karibu kila mara, alisema akicheka, "Yule babu yako hajajibu bado." Angeweza kumuuliza Rhobi. Hakumuuliza, na mimi pia sikumuuliza. Neno lile lilikuwa la mchezo, na mchezo ulikuwa umekatazwa.

Mazishi yalikuwa mchana wenye upepo. Karasha zote zilizimwa kwa heshima, ingawa haikuwa Jumamosi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilisikia ule utulivu. Watu wa nyumbani walitupa udongo. Mwita alisimama mbali, penye uzio, pamoja na wanaume wa kwao, maana katika ukoo ule mkwe hasogelei kaburi la mama mkwe wake. Amepata kitambi, na ndevu zimeingia mvi kabla ya wakati. Watu walipoanza kuelekea kwenye chakula, akanionyesha ishara niende.

"Shikamoo, babu," nikamwambia. Hanizidi miaka mingi.

"Marahaba, mjukuu." Sauti ya mzee aliyokuwa akiiigiza ilikuwa sasa ni yake. Alitazama kule kwenye udongo, kisha viatu vyake. "Mwambie bibi yako," akaanza, sauti ikamkatika. Nikangoja, kama nilivyozoea kungoja. "Mwambie bibi yako chakula nilikula. Nilikula ndani ya gari, hata Tarime hatujafika. Nilikimaliza. Kapu ninalo."

Nikaenda. Hakukuwa na mtu kaburini isipokuwa wanawake wawili waliokuwa wakipanga maua, nao wakanipisha. Niliinama nikasema kwa sauti ile ndogo ya mtoto anayetumwa, ambayo sikujua kama bado ninayo: "Bibi, babu anasema chakula alikula. Alikula chote. Kapu analo." Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikasimama pale, kwa mazoea ya mwaka ule, nikingoja la kumrudishia, na nilipogeuka nikaona naye bado amesimama penye uzio, anangoja.